Makala Niliyoipigania

Mwaka wa 2007 nilikuwa nafundisha saikolojia katika chuo kidogo cha mjini Nakuru, chuo cha madarasa machache juu ya duka la viatu, na kila aliyejua kazi yangu aliamini kwamba ninasoma mawazo ya watu. Mama aliyeniuzia mboga pale Langalanga alikuwa akijifunika uso kwa leso akiniona nakuja. "Mwalimu, usiniangalie hivyo, utajua siri zangu." Ningekuwa na uwezo huo, ningeanza kwa kujua kwa nini sukuma wiki yake ilipanda bei kila mwisho wa mwezi.

Lakini kazi ninayotaka kuisimulia haikuwa ya darasani. Haikuwa na mshahara, na ilianza kwa hasira, kama mambo yangu mengi yanavyoanza. Wanafunzi wangu wawili waliniletea insha zinazofanana neno kwa neno. Nilipowabana wakasema wamezitoa kwenye mtandao, katika ensaiklopidia ambayo mtu yeyote anaweza kuiandika. Nikaenda saiba, chumba cha kompyuta za kukodi, nikiwa na nia ya kuwakomesha. Nilichokuta ni kwamba makala yenyewe ilikuwa mbovu kuliko insha zao. Aya ya tatu ilikuwa inabishana na ya kwanza. Nikairekebisha pale pale, nikakaa nikingoja mtu anifokee.

Hakuna aliyenifokea. Siku chache baadaye nikapata ujumbe wa kunikaribisha. Kulikuwa na kundi la watu wa kujitolea, waliotawanyika duniani, wanaopitia makala zote za saikolojia katika ensaiklopidia hiyo na kuzipima moja moja. Je, ningependa kusaidia? Aliyeniuliza mimi kama ningependa kugawa alama alikuwa hajui anaongea na nani.

Kila makala ilipewa vipimo viwili. Cha kwanza ni ubora: imeandikwa vipi, ina vyanzo, imekamilika au ni mistari miwili iliyoachwa njiani? Makala changa kabisa tuliiita mbegu, na kutoka hapo ilipanda daraja hadi kufikia nzuri na hatimaye bora. Kipimo cha pili ni umuhimu: chini, kati, juu, au juu kabisa. Hapo ndipo palipokuwa na vita. Ubora unaweza kuuonyesha kwa kidole, lakini umuhimu ni wa nani? Makala kuhusu kumbukumbu ni juu kabisa, hilo tulikubaliana. Je, makala kuhusu kuogopa kuku? Nilimjua mwanamke wa Dundori ambaye hofu hiyo ilikuwa imevunja uchumba wake. Nikaipa kati, nikapingwa, nikapigana, nikashindwa.

Saiba yenyewe ilikuwa juu ya duka la vifaa vya ujenzi, na mwenyewe alikuwa mzee wa Kihindi mwenye kilemba, aliyezaliwa hapa hapa Nakuru kama baba yake. Chini aliuza misumari na rangi. Juu alikuwa amepanga kompyuta kwa ajili ya mwanawe, na mwanawe alipohamia ng'ambo mzee akaziacha ziendelee, kwa sababu, alisema, duka la misumari halina mazungumzo. Kila jioni alizifunika kwa vitambaa alivyoshona mkewe, maana vumbi la Nakuru wakati wa kiangazi huingia hata kwenye meno. Alipenda kunipitia na kikombe chake cha chai.

"Mwalimu, leo umepima nini?"

"Leo nimepima kigugumizi."

"Kimepita?"

"Kimefeli. Hakina vyanzo."

"Maskini," alisema, na alikuwa na huruma ya kweli. "Mpatie nafasi ingine."

Katika kundi lile kulikuwa na mtu mmoja niliyegongana naye kuliko wote. Sikujua kama ni mwanamume au mwanamke, kijana au mzee. Jina lake la mtandaoni lilikuwa herufi na tarakimu tu, na kutokana na maneno yake nilijua tu kwamba anaishi mahali penye theluji. Alikuwa mpole kupita kiasi. Nikimwandikia mistari kumi ya moto, ananijibu miwili ya maji: "Asante kwa maoni yako. Naomba hoja." Neno hilo lilinichoma. Mzee wa saiba alikuwa akinisikia nikitwanga vile vitufe, anacheka kutoka kwenye meza yake. "Hasira hasara, Mwalimu. Na hiyo kibodi ni yangu."

Mwishoni mwa mwaka, mdogo wangu wa kike akashuka kutoka Keringet kuja kukaa kwangu. Tumezaliwa wawili tu. Yeye na mumewe walikuwa na shamba la viazi huko juu, na mimba yake ya kwanza ilikuwa imekomaa, wakaona afadhali ajifungulie mjini karibu na hospitali. Alikuja na gunia la viazi, kuku mmoja mwenye kelele, na vicheko vyake mwenyewe. Nyumba yangu ya vyumba viwili ilijaa. Alianza mara moja kuniita "auntie," ingawa mtoto mwenyewe alikuwa bado tumboni.

Kisha ukaja uchaguzi, na baada ya uchaguzi yakaja yale ambayo kila mtu wa upande huu anayajua na sina haja ya kuyapanga hapa. Nyumba yao ya Keringet ilichomwa. Shemeji alitoka salama, akatembea na wenzake kupitia mashamba, akapata pa kujisitiri kwa rafiki yake Dundori. Huko akawa anachimba viazi vya watu wengine. Sisi tulikuwa Nakuru tukisikiliza milio ya risasi na kutii kafyu, na katikati ya hayo yote mtoto akaamua ni wakati wake. Alizaliwa mchana, namshukuru Mungu mpaka leo, mchana wa jua kali. Jirani yetu mwenye pikapu alitupeleka hospitali bila kuuliza sisi ni watu wa wapi. Alikuwa msichana, mzima, mwenye nywele nyingi.

Hapa lazima nieleze kuhusu neno "tunashukuru," kwa sababu bila hilo hamtaelewa. Huku kwetu ukimwuliza mtu habari, hakwambii habari. Anakwambia tunashukuru. Mvua imekosa, tunashukuru. Ng'ombe amekufa, tunashukuru, wengine wamebaki. Miezi ile ya mwanzo wa 2008 neno hilo lilikuwa limefunika mji mzima. Uwanja wa maonyesho ulikuwa umejaa mahema ya watu waliofukuzwa makwao, na ukimwuliza mtu aliyelala kwenye hema, anajibu anashukuru yuko hai. Sasa wewe uliyelala kwenye kitanda utalalamika nini?

Mji ulipotulia kidogo, akina mama wa ploti yetu, wapangaji wenzangu wa ua mmoja, wakaja kumwona mtoto. Hiyo ni desturi ambayo hata vurugu hazikuiweza. Hawaji mikono mitupu. Walikuja na uji kwenye thamosi, na njahi, yale maharage meusi ambayo hupikiwa mama aliyejifungua ili apate maziwa. Mtoto akapokezanwa kutoka paja moja hadi jingine. Akasemwa kwamba ana pua ya baba yake na vidole vya mama mkubwa, yaani mimi ninayeitwa auntie, na tukaambiwa kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Kisha mmoja akamgeukia mama.

"Na wewe mathe, uko aje?"

"Tunashukuru Mungu," mdogo wangu akasema, akainuka kuwamiminia chai.

Wakafurahi. Walipokuwa wanatoka, mmoja akaninong'oneza mlangoni, "Huyu amepata neema. Ona vile yuko strong." Na kweli ndivyo ilivyoonekana. Aliamka kabla yangu, nepi zilikuwa zimeanikwa jua likichomoza, mtoto ananukia sabuni. Alikuwa ameacha kucheka, lakini katika Nakuru ya wakati ule nani alikuwa anacheka? Alinifundisha kuchanganya maziwa ya kopo, ingawa yeye mwenyewe alikuwa na maziwa tele. Alipanga nguo zote za mtoto kwenye mfuko mmoja, zilizokunjwa, kofia juu. Nilimsifu kwa utaratibu wake. Mimi nguo zangu huishi kwenye kiti.

Chuo kilikuwa hakijafunguliwa, nami nisiyeweza kukaa nyumbani nikarudi saiba. Mzee alikuwa amepigilia mbao kwenye madirisha ya duka, mlango unafunguka nusu. Wateja hawakuwepo. Nilipotaka kujua kama amefungua, aliniambia, "Wewe si mteja. Wewe ni mtu wa nyumba. Panda." Sijasahau. Katika miezi ambayo watu walikuwa wanaulizana majina kwanza ndipo waamue kama watasalimiana, mzee yule alinipa chumba kizima, kiti karibu na dirisha, na chai ya tangawizi. Kile kiti kilinisaidia nisipoteze akili, na sisemi hivyo kwa utani.

Nikaendelea na makala zangu. Siku moja nikafika kwenye makala kuhusu huzuni nzito inayompata mama baada ya kujifungua. Ubora wake ulikuwa wa daraja la chini, jambo ambalo sikulipinga, ilikuwa imeandikwa kwa haraka. Lakini umuhimu? Chini. Mtu alikuwa ameiweka chini, pamoja na kuogopa kuku. Nikaangalia nani, nikakuta ni yule wangu wa theluji.

Damu ikanipanda. Nikabadilisha, nikaweka juu kabisa. Kesho yake nikakuta ameirudisha. Nikaipandisha tena. Akairudisha tena, na akaandika kwenye ukurasa wa majadiliano, kwa ule upole wake, kwamba katika mradi huu juu kabisa ni kwa nguzo za somo zima, kama kumbukumbu na hisia, na kwamba anaomba hoja. Nikamwandikia kwamba hoja ni akina mama wote duniani. Akajibu kwamba akina mama wote duniani si chanzo. Nikasimama, nikazunguka chumba, nikarudi. Mzee alitazama kibodi yake kwa wasiwasi.

Kisha yule mtu akaandika jambo ambalo kwanza niliona ni dharau. Alisema: tuache umuhimu kwa sasa, hatutaelewana. Soma makala yote pole pole na uandike inakosa nini. Ubora tunaweza kuushughulikia pamoja.

Nikaisoma kwa nia mbaya, nikitafuta makosa ya kumtupia usoni. Niliyapata. Makala ilisema mama hulia. Ilisema mama hukosa usingizi, hukosa hamu ya kula, hushindwa kumhudumia mtoto, hujilaumu waziwazi. Nikaandika kwamba makala hii imekaa ikingoja mama alie. Kwetu halii. Kwetu, nikaandika, nikiwa na moto na fahari ya kujua jambo ambalo yeye hajui, mama wa namna hii anaamka kabla ya watu wote. Anafua. Anawapa wageni chai. Mtoto ni msafi kuliko watoto wote wa ploti, lakini mama anamwogesha akiwa ameangalia ukuta. Ukimwuliza hali anasema anashukuru, kwa sababu wengine wamepoteza zaidi na yeye hana ruhusa. Anazipanga nguo za mtoto kwenye mfuko mmoja. Anamfundisha dada yake kuchanganya maziwa, ingawa yeye mwenyewe yupo na ana maziwa.

Nikabonyeza, nikaenda zangu nyumbani nimeridhika kabisa. Nilijua kumjibu mtu.

Asubuhi iliyofuata majibu yalikuwa yananingoja. Nayakumbuka kwa Kiswahili, ingawa yeye aliandika kwa Kiingereza. Alisema: "Asante. Haya ni maelezo bora kuliko makala yetu. Hatuwezi kuyaweka bila chanzo kilichochapishwa. Lakini niruhusu nikuulize jambo lisilohusu makala. Unaandika juu ya mtu unayemjua? Kama ndiyo, huhitaji chanzo ili umpeleke hospitali. Nenda leo. Makala itangoja."

Nilisoma mara moja tu. Ule mfuko. Kofia juu. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeyaandika yote, yamepangika vizuri kama jibu la mtihani, na sikuwa nimemwona. Mtu wa mahali pa theluji, asiyejua Nakuru iko wapi kwenye ramani, alikuwa amemwona mdogo wangu kupitia maneno yangu ya hasira. Hata kwaheri sikumwambia mzee.

Nilimkuta mdogo wangu anakunja nepi, mtoto amelala kitandani. Nikamwuliza hali.

"Si tunashukuru."

"Mimi sitaki shukrani," nikasema. "Nataka uniambie ukweli."

Aliendelea kukunja. "Auntie, ukweli gani? Watu wamezika watu. Mimi mzee wangu yuko hai, mtoto ako sawa, nalala kwa nyumba. Sasa nitasema nini, na nitasemea wapi?"

"Ule mfuko ni wa nini?"

Akakunja nepi nyingine. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeniambia unga umeisha, "Nilikuwa sitaki upate taabu na yeye. Wewe vitu zako hupotea."

"Taabu ya nini? Wewe utakuwa wapi?"

Aligeuka akatazama ukuta. Mimi, mwalimu wa saikolojia, mgawaji wa alama, nikakaa kitandani nikalia kwa sauti mpaka mtoto akaamka. Yeye ndiye aliyenipa pole. Alikuja akasimama karibu nami na nepi mkononi, akanigusa bega, akasema, "Pole. Usilie hivyo." Na alipokuwa ananifariji, uso wake ukaanza kuvunjika kidogo kidogo, na yeye akalia, kwa mara ya kwanza tangu Keringet iungue. Tulienda hospitali mchana huo huo, macho yamevimba, watu njiani wakidhani tumefiwa.

Nesi aliyetupokea alikuwa mwanamke mwenye sauti nzito na viatu vilivyochoka. Hospitali ilikuwa imefurika na alikuwa na kila sababu ya kutuharakisha. Hakutuharakisha. Alinipa mtoto, akaniambia nikae nje ya pazia, na nikamsikia akimwuliza mdogo wangu maswali ya kawaida kwanza, kisha akamwuliza bila kuzunguka, "Kuna wakati unaona afadhali usingekuwepo?"

Mtoto alikuwa ananyonya kidole changu.

"Ndiyo," mdogo wangu akasema.

"Sawa," nesi akasema. "Asante kwa kuniambia. Si wewe wa kwanza, hata kwa hii wiki. Hii ni ugonjwa, na iko na dawa."

Sijui kama nesi huyo anajua alichofanya. Neno "ndiyo" lilikuwa limekaa kwenye kifua cha mdogo wangu tangu Januari, na halikuwa limepata mtu wa kulipokea. Sisi wote tulimwuliza yuko aje, na wote tulikuwa tumeshaamua jibu.

Alipewa dawa, akapangiwa kurudi kuzungumza na daktari, na mimi nikapewa amri: asiachwe peke yake, na alale. Nilipowaeleza akina mama wa ploti niliogopa watasema amerogwa au amekosa imani. Mmoja alisema hivyo kweli, simfichi. Lakini yule yule aliyeninong'oneza mlangoni juu ya neema akasema, "Mimi ilikuwa kwa mtoto wa pili. Sikuwahi ambia mtu." Tangu siku hiyo hakuja tena na thamosi ya uji akingoja kumiminiwa chai. Alikuja, akamchukua mtoto, akamwambia mama alale, akakaa mlangoni kama askari. Wengine wakafuata. Mdogo wangu alilala mchana kutwa, siku baada ya siku, na hakuna aliyemsifu kwa lolote.

Nilipomweleza mzee wa saiba kwa nini nimepotea, alinisikiliza mpaka mwisho. Kesho yake akaja langoni kwetu, na mkewe ndani ya gari, na kopo kubwa. Ndani mlikuwa na unga wa ngano uliokaangwa kwa samli, wenye lozi na sukari, chakula ambacho kwao hupewa mama aliyejifungua. Mkewe alimlisha mdogo wangu kwa kijiko, kama mwanawe, akimwita binti kwa lugha yao. "Kula, beti. Hii hapana ya mtoto. Hii ya wewe." Nilienda kusimama jikoni kwa sababu nilikuwa nimechoka kulia mbele ya watu.

Shemeji naye akashuka kutoka Dundori kwa lori la mboga, na viazi, na matope ya shamba la watu kwenye viatu. Alikaa kwenye kigoda kando ya kitanda akamenya viazi vyote, hata vile ambavyo hatungepika, mpaka sufuria zikaisha. Mdogo wangu alikuwa anamtazama. "Utamaliza viazi ya Dundori yote," akamwambia. Ulikuwa utani wake wa kwanza baada ya miezi, na mimi niliyekuwa nikipima kila kitu niliupa daraja la juu.

Haikuwa safari ya mteremko. Kulikuwa na siku alirudi nyuma, na siku nyingine alikataa dawa, na siku niliyomkaripia nikaenda kumwomba msamaha. Lakini mvua zilipoanza alikuwa anakula. Viazi vipya vilipoingia sokoni nilimsikia akibishana na mama mboga juu ya bei, kwa sauti, na mama mboga akakimbilia leso.

Wakati huo wote mimi na yule mtu wa theluji tulikuwa tunaijenga makala. Nilimwambia, kwa maneno machache, kwamba alikuwa sahihi na kwamba nilienda siku ile ile. Alijibu, "Nafurahi sana," na hakuuliza zaidi. Alitafuta vyanzo katika maktaba za kwao, mimi nikaandika na kufuta. Tulipata utafiti uliochapishwa kuhusu akina mama wasiolia, wa nchi nyingine kabisa, na aya yangu ya hasira ikaingia ikiwa imetulia na kuvaa viatu. Makala ikapandishwa, ikaitwa nzuri. Nilimshukuru wakati ule na ninamshukuru sasa, popote alipo, na kama amekufa, basi apumzike vizuri.

Umuhimu tu ndio uliobaki. Siku moja akaniandikia kwamba ananiachia mimi. Niweke nipendavyo, hatarudisha.

Nikamwambia mdogo wangu. Sikutegemea kwamba angetaka kuiona, lakini akasema twende. Tukapanda ngazi za saiba pamoja. Mtoto alibaki chini dukani na mke wa mzee, kwenye kaunta, katikati ya makopo ya rangi. Mdogo wangu akakaa kwenye kiti changu, akasoma makala yote. Alisoma pole pole, kidole kwenye kioo. Kwenye ile aya alisimama muda mrefu. Nilitazama nje ya dirisha ili asinione ninavyomtazama.

"Ni mimi," akasema.

"Ni wengi," nikasema.

"Najua. Ndiyo nasema."

Nikamweleza kuhusu umuhimu. Nikamwonyesha palipoandikwa chini, nikamweleza nilivyopigana, na kwamba sasa nina ruhusa ya kuweka juu kabisa. Nilikuwa na kidole juu ya kitufe. Nilidhani namletea zawadi.

"Weka ya kati," akasema.

"Ya kati? Baada ya yote haya?"

"Auntie, sikiza. Mtu mwenye ako vile nilikuwa, akiona juu kabisa, ataogopa. Ataona ni kitu kubwa sana, imempata yeye tu. Ataifunga, atoke. Mimi nilikuwa naona ni mimi pekee yangu dunia mzima." Alitoa kidole kwenye kioo, akakipangusa vumbi kwa sketi. "Iweke hapo katikati na hizo zingine. Akiipata, aone ni kitu ya kawaida. Aone inaenda hospitali, inarudi."

Sikuwa na hoja. Nilikuwa nimepigana miezi mingi na watu wa nchi tatu, na sikuwa na hoja hata moja. Nikaweka kati. Kwenye nafasi ya kueleza sababu nikaandika, "Nimemwuliza mwenyewe." Nilitaka kumgeukia nimwambie asante, nimwambie mambo mengi, nilikuwa nimeyapanga tangu asubuhi.

Lakini alikuwa ameinua kichwa, shingo imekaza, akisikiliza.

"Analia," akasema.

Mimi sikuwa nimesikia chochote. Chini kulikuwa na mteja anayekata mabati, na kelele za barabara. Nilipofungua mdomo kumwambia hakuna anayelia, yeye tayari alikuwa kwenye ngazi, anashuka mbio.